Joto la Keshokutwa

Kwa miaka sita nilimchukia mtu mmoja kila siku, na katika miaka hiyo sita sikuchelewa kazini hata mara moja. Nayaandika pamoja haya mawili kwa sababu moja ndilo lililonipa nguvu ya jingine.

Nilikuwa msimamizi wa ghala la dawa Kiembe Samaki. Shirika letu lilipokea dawa zinazokuja kwa ndege na kwa meli, likazigawa kwa hospitali na vituo vya afya vya Unguja nzima. Watu wakisikia ghala hudhani kazi yake ni kuhesabu maboksi. Kuhesabu ni sehemu ndogo sana. Kazi yenyewe ni kujua kwamba dawa ya sukari ikishapata joto haiponi tena, hata ukiirudisha kwenye baridi mara kumi. Ni kujua kwamba gari la Kizimkazi lazima liwe limeshatoka kabla jua halijakaza, na kwamba kituo fulani cha Chwaka kina friji moja ndogo, kwa hiyo ukikipelekea mzigo wa mwezi mzima kwa siku moja, nusu yake italala juu ya meza. Ratiba ya ugawaji niliitunga mimi. Niliitunga kwa kukaa mbele na madereva, kituo kwa kituo, nikifungua mafriji ya watu na kuwauliza maswali mpaka wakanichoka.

Nilikuwa na msaidizi, mwanamme niliyemzidi miaka michache, mcheshi, hodari wa maneno. Kila alichokijua cha ghala nilimfundisha mimi. Kosa lake moja nililiona tangu mwanzo: alipenda zaidi kuonekana anafanya kazi kuliko kuifanya.

Ijumaa moja nilikwenda Chwaka kwa ajili ya friji iliyoharibika, nikamwachia yeye apokee mzigo wa dawa za sukari unaokuja kwa ndege. Aliupokea. Akaweka maboksi kwenye baraza ya kupakulia, akawaambia waliokuwepo anakwenda mara moja kwenye harusi ya ndugu yake, akirudi atayaingiza kwenye chumba cha baridi. Niliporudi alasiri niliyakuta pale pale, jua limeshayahama upande mmoja na kuyapiga upande wa pili. Nikafungua boksi la juu, nikatia mkono. Barafu ilikuwa maji, na maji yenyewe yalikuwa vuguvugu.

Nilipiga simu kwa mkurugenzi saa ile ile. Nilidhani mtu anayeripoti kosa mapema hujilinda.

Jumatatu tuliitwa ofisini, wakuu wa vitengo wote wamekaa. Hati ya kupokelea mzigo ilikuwa mezani, nayo ilikuwa na jina langu. Msaidizi wangu alikuwa ameandika hati mpya yenye saa nyingine, ikionesha kuwa mzigo ulifika baada ya mimi kurudi na kwamba niliupokea mimi. Nikasema hati ile si ya kweli. Mlinzi wa siku ile akaitwa, akaulizwa nani alipokea. Akatazama miguu yake, akasema hakumbuki.

Msaidizi wangu hakunishambulia. Lau angenishambulia ningejua la kufanya. Alisema kwa sauti ya upole: "Bimkubwa amechoka tu, mheshimiwa. Kazi hii nzito. Mie naomba tumwonee huruma."

Nikaonewa huruma. Nilipelekwa ghala la vyandarua na vitanda, mahali ambapo hakuna kinachoharibika na hakuna anayekuja. Yeye akapewa kiti changu, na ratiba yangu ikatolewa upya ikiwa na jina lake juu.

Hayo ningeweza kuyameza. Lakini mimi nakaa Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho milango inatazamana, na habari huingia ndani kabla ya mwenyewe. Jirani yangu, bibi mtu mzima anayeumwa sukari, alikuwa amekaa barazani kwake wiki ile. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka ushungi, akauliza: "Ndo weye ulotuunguzia dawa zetu?"

Nilipanda ghorofani, nikakaa kwenye ngazi kabla ya kufika chumbani. Pale kwenye ngazi ndipo nilipoamua. Sikuamua kujitetea. Niliamua kwamba mtu yule ataanguka, na ataangushwa na kazi yenyewe, mbele ya watu, na mimi nitakuwa nimesimama pale naangalia.

Nikarudi shule. Nilisoma masomo ya ugavi na ukaguzi katikati ya vyandarua, mitihani nikaipita, na baadaye shirika jingine, lile linalogharimia dawa na kuzikagua zinavyotunzwa, likanichukua kuwa mkaguzi. Nilizunguka Pemba, Tanga, Mtwara. Kila ghala lilinifundisha namna mpya ya kudanganya. Nilijifunza kuangalia vumbi juu ya jenereta linalodaiwa kuwashwa jana. Nilijifunza kwamba mtu mwongo huandika vizuri kuliko mtu mkweli, maana haandiki kwa haraka. Yote niliyaweka akilini kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwaka wa sita orodha ya safari ikaja, na Kiembe Samaki ilikuwemo. Kiongozi wa msafara wetu, mzee mtulivu wa Dodoma, aliniita.

"Nasikia uliwahi kufanya kazi pale."

"Naam. Nlikuwa msimamizi."

"Vizuri, utatusaidia. Una ugomvi na mtu yeyote?"

"Sina."

Akanipa fomu ya kuthibitisha hivyo, nikatia saini. Huo ndio uongo pekee niliousema katika mambo yote haya, na niliusema vizuri.

Tulifika Jumanne asubuhi. Msaidizi wangu wa zamani akatoka kutupokea mwenyewe, kanenepa, kanzu imepigwa pasi. "Bimkubwa! Siku nyingi! Kumbe ndo wewe ulokuja kutukagua?" Akacheka, akawageukia wafanyakazi wake. "Huyu ndo alonipokea kazini huyu." Nami nikacheka. Nikamwuliza hali ya mama, hali ya watoto.

Kwenye mlango wa chumba cha baridi ilining'inia karatasi ya joto. Kila ghala linayo: asubuhi na jioni mtu asome kipimo, aandike nyuzi, aweke alama yake. Nikaisogelea huku wengine wanavaa makoti. Nyuzi nne. Nne. Nne. Wiki iliyopita umeme ulikatika mjini tangu asubuhi mpaka magharibi, kila mtu Unguja anakumbuka, na siku ile pia nyuzi nne. Kisha nikaona kitu ambacho katika miaka yote ya kutafuta sikuwahi kukiona. Karatasi ilikuwa imejazwa mpaka Jumapili ijayo. Leo Jumanne.

Alikuwa amekaa siku moja akaijaza wiki nzima, ili asisumbuke.

Ningeweza kusema pale pale, lakini nilimjua. Angesema ni kazi ya mfanyakazi fulani, angemwita mtu wa chini yake na kumwonea huruma mbele yetu, na sisi tungeandika jina la mtu asiyehusika. Kwa hiyo sikusema kitu. Nilikagua rafu moja moja. Nyuma ya rafu ya tatu nikachukua kile kidude kidogo kinachojirekodia joto chenyewe, ambacho shirika letu huweka kila chumba, nikakitia mfukoni. Nikiwa natoka nikaiondoa karatasi mlangoni, nikaitia kwenye faili langu. Nikaomba chai.

Tukakaa wote mezani kwake: kiongozi wa msafara, mkurugenzi, wafanyakazi wanne, yeye na mimi. Nikaanza kumsifu. Nikasema ghala safi, nikasema mpangilio mzuri. Akachanua. Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu: "Na joto nani anakusomea? Maana sehemu nyingi wanawaachia vijana, ndo panapoharibika."

"Aa, hapana," akasema. "Hapa nasoma mwenyewe. Karatasi ile haigusi mtu mwengine. Asubuhi na jioni, mie."

"Kila siku?"

"Kila siku, wallahi."

Nikaitoa karatasi kwenye faili langu, nikaiweka mbele yake pamoja na kalamu. "Basi nitilie saini yako hapa chini, niandike kuwa ni mkono wako." Akatia saini bila kuiangalia. Alikuwa anamwangalia mkurugenzi.

"Sasa nisomee ya Alhamisi."

"Alhamisi ilopita?"

"Hapana. Ya keshokutwa."

Akainama. Nilimwona anavyoshuka na kidole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na kidole kikasimama. Kiongozi wa msafara akavua miwani. Mfanyakazi mmoja mwanamke akageuza uso upande wa dirisha. Yeye akafungua mdomo, nami nikangoja kwa hamu nisikie jina la nani litatoka, lakini saini ilikuwa pale chini, wino bado haujakauka vizuri.

"Bimkubwa," akasema, taratibu sana. "Nilikuwa na kazi nyingi."

"Umechoka," nikamwambia. "Kazi hii nzito."

Hakuna mwengine mezani aliyejua maneno yale yametoka wapi isipokuwa mkurugenzi, naye akatazama kikombe chake.

Kidude kilipofunguliwa kilionesha kwamba chumba kilipata joto siku ile ya umeme, saa baada ya saa, na jenereta halikuwashwa. Dawa za sukari zote zikatengwa zisitumike. Huko nyuma ya kisasi changu kulikuwa na watu wanaotegemea sindano zile, na nakiri kuwa niliwakumbuka jioni, si asubuhi. Lakini nilipowakumbuka nilifanya kazi. Niliomba niachwe Unguja. Nikapiga simu Dar es Salaam kwa watu waliokuwa wakiniheshimu, mzigo mpya ukapakiwa kwenye ndege ya kwanza, nikaupokea mwenyewe uwanjani, nikaugawa kwa ratiba yangu ya zamani. Kizimkazi na Makunduchi walipata kabla ya adhuhuri. Chwaka walipelekewa kidogo kidogo, mara mbili. Hakuna kituo kilichokaa bila dawa hata siku moja. Hilo najivunia mpaka leo, na silichanganyi na lile jingine.

Yeye alisimamishwa kazi, kisha akaondolewa. Mlinzi wa zamani, sijui kwa woga au kwa kutubu, akaandika ukweli wa Ijumaa ile. Mkurugenzi akaniomba nirudi kwenye kiti changu. Nikakubali kwa sharti kwamba barua ya kunisafisha isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Ikasomwa. Niliisikiliza nimesimama.

Baada ya mwezi hivi, asubuhi, nikasikia hodi nyumbani. Alikuwa bibi kizee kavaa buibui la zamani, anatweta kwa ajili ya ngazi. Nikamsalimia, nikamkalisha, nikammiminia kahawa.

"Mie ndo mamaake," akasema. "Kosa kafanya, mwanangu, sikatai. Lakini ulikwisha kuliona. Ungemwita pembeni ukamwambia. Umemtega mbele za watu."

"Na mie aliniita pembeni, bibi?"

Akafikiri. Alikuwa mkweli yule mama. "Hakukuita," akasema.

"Basi."

"Na sasa umefurahi?"

Ningeweza kumjibu kistaarabu. "Nimefurahi," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini, kahawa haijafika nusu. "Haya. Mungu akujaalie ikutoshe." Nikamshika mkono kumteremsha, maana ngazi zetu zimesimama na hazina mwanga. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Sikumwomba radhi.

Siku hizi mwanawe yuko Chwaka, anapima mwani kwa mnunuzi mmoja. Nilimwona mwaka jana nilipopeleka dawa kituoni. Wanawake walikuwa wamejipanga na magunia yao, naye anaita uzito kwa sauti, na kila mmoja anainama kuangalia mizani mwenyewe kabla gunia halijaondolewa. Nikamwambia dereva asimame. Nilitaka anione, ashtuke, apoteze hesabu. Alininyanyulia macho, akanitambua, akatikisa kichwa kidogo kama unavyomsalimia mtu yeyote, akarudi kwenye mizani, kwa sababu mwanamke wa mbele alikuwa anabishana naye.

"Twende?" dereva akauliza.

Nikamwambia angoje. Nilikaa pale mpaka gunia la nne, nikitafuta kosa.