Jina la Jaani

Wa kwanza na wa pili niliwachagulia majina wangali tumboni. Yalikuwa majina ya kisasa, mazuri, nikayatarizi kwa uzi wa waridi kwenye blanketi ndogo, maana mimi ni fundi wa nguo na mikono yangu haijui kutulia. Wa kwanza aliishi siku nne. Wa pili hakumaliza wiki mbili. Mimba ya tatu ilipofika sikushona hata kofia, na wateja wangu pale Voi waliponiuliza nitamwitaje mtoto, nilijifanya natafuta sindano.

Alizaliwa msichana, mdogo, ngozi imemkunjamana. Muuguzi alitaka jina la kujaza kwenye fomu, nikamwambia tumsubiri baba yake. Kweli mume wangu alikuwa safarini na lori, lakini simu alikuwa nayo. Niliogopa tu. Niliona kama nikitamka jina, kifo kitasikia na kujua pa kuja.

Tuliporuhusiwa nilikwenda Mbololo kwa mama mkwe, anisaidie kulea. Ni mama wa kanisa hasa, kiongozi wa kwaya, na habari za mila za zamani hataki kuzisikia. Siku moja alinituma nimletee miwani kutoka kwenye pochi yake, nikakiona kitambulisho chake. Baada ya jina la ubatizo, ambalo ndilo pekee tulilolijua, palikuwa na jina la zamani la Kidawida. Sitaliandika hapa. Maana yake ni maganda, yale yanayobaki kunde zikishapurwa, ambayo mtu huyatupa bila kuyatazama.

Nilipomuuliza alikasirika kwanza, halafu akavuta kigoda akanieleza. Mama yake alizika watoto watatu kabla yake. Yeye alipozaliwa alipelekwa nje akalazwa jaani juu ya maganda, na mama yake akaondoka bila kugeuka, kuonyesha kwamba kitu hicho hakitaki. Jirani akapita kama mpita njia, akamwokota, akampa jina hilo. Kifo kinatafuta watoto wanaopendwa, ndivyo walivyoamini, na hiki kilikuwa takataka tu. Shuleni alichekwa kwa jina hilo mpaka akalificha.

"Basi mama, mpe huyu jina lako," nikamwambia.

"Hapana. Huo ni ushenzi. Huyu ataombewa kanisani."

"Hata wale wawili waliombewa."

Siku mbili nzima tulizungumza habari za mvua na kuku tu. Siku ya tatu mtoto akakataa kunyonya. Tulikimbia naye hospitali kwa boda, wakatuonyesha jinsi ya kumkamulia maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, wakasema ni mchanga tu, atapata nguvu. Nilirudi nikiwa nimeshika kikombe hicho kwa mikono miwili. Asubuhi yake mama mkwe alikuja mlangoni amejifunga leso kiunoni.

"Mlete," akasema. "Ukimlaza, usigeuke. Ukigeuka tumefanya kazi bure."

Jaa lilikuwa nyuma ya jiko, majivu yaliyopoa na maganda ya kunde. Nilitaka kutandika shuka, akanikataza, kwa sababu kitu cha kutupwa hakitandikiwi, kisha akazungukia shambani ili apite kama mpita njia. Nikamlaza mwanangu pale, jua limeshapanda, nikaanza kurudi. Kutoka jaani hadi mlangoni hata kuku mgonjwa angefika, lakini mimi sikufika. Mtoto hakulia. Kama angelia ningevumilia, nadhani. Nilisikia kuku akiparua nyuma yangu, kisha kimya.

Niligeuka. Nilimwona amekunja ngumi mbili ndogo, na mama mkwe anatokea upande wa shamba, na sikujua kama ameniona. Nikaingia ndani haraka kama mwizi. Nje nikamsikia akisema kwa sauti kubwa kwamba ameokota maganda, kisha akaita lile jina, jina lake mwenyewe, ambalo nadhani hakuwa amelitamka tangu shuleni.

Ndilo tuliloliandikisha. Ana miaka mitano sasa, anasoma chekechea, na wenzake wanamcheka. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kikohozi, ni kijijoto cha jioni, ni kuchelewa kwake kuamka. Kila mara nimejiambia kwamba kifo kiliniona siku ile nikigeuka, kikajua nampenda, na kinangoja tu.

Mwezi uliopita malaria ilimwangusha, tukiwa tumekwenda kumtembelea nyanya yake. Dawa alikuwa amepewa, lakini siku ya pili mwili ulikuwa bado unawaka. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda akikamua kitambaa ndani ya beseni. Nikashindwa kunyamaza zaidi.

"Mama, siku ile niligeuka. Huyu akifa ni mimi nimemuua."

"Nilikuona," akasema. Akamwekea mtoto kitambaa kwenye paji la uso, akakinyoosha pembe. "Mama yangu aligeuka mara mbili. Aliniambia mwenyewe, uzeeni, akilia kama wewe. Na mimi ndiye huyu, nakukamulia kitambaa."