Ndama Aliyekatazwa Kukua

Kwa heshima na taadhima, umma wote unatangaziwa kwamba ruzuku ya kulea ndama jike, iliyoahidiwa na serikali sikivu kwa wafugaji wake wapendwa, haijachelewa. Inakuja. Huu ni mwezi wa ishirini na mbili inakuja, tena kwa mwendo wa staha, na atakayesema imechelewa atakuwa anapotosha. Tangazo hili limekwishatolewa mara nne na litatolewa tena pindi wananchi watakapoanza kulisahau.

Mwanamke aliyelisikia mara zote nne anaitwa Mama Ndoo. Kwenye kitambulisho ana jina lingine, lakini tangu afiwe na mumewe hajaonekana mahali bila ndoo ya maziwa mkononi, hata ikiwa tupu. Hata kwenye harusi ya binti yake aliingia nayo, akaisukumia chini ya kiti, akala, akacheza, akaondoka nayo. Banda lake liko uani, ukuta mmoja na fundi cherehani: sakafu ya saruji, hori la mbao, na bati ambalo matobo yake yameshinda hesabu ya fundi yeyote.

Siku alipojaza fomu ya ruzuku, mnyama wake alikuwa ndama mweusi wa miezi mitatu. Bwana Mifugo alimpiga picha, akamtoboa sikio, akamvisha hereni ya njano yenye namba. Kisha serikali ikaenda kutafuta pesa, na ndama, kwa kukosa maelekezo mengine, akakua. Akapandishwa. Wiki tatu zilizopita akazaa.

Nusu ya ng'ombe huyo ni ya shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ruzuku ndiyo ingemlipa nusu yake, ng'ombe abaki. Shemeji alipigwa kalenda mwaka wa kwanza, akapigwa kalenda mwaka wa pili, na siku ya uhakiki wa waombaji ilipofika akaja na pikapu ya mnunuzi, akaiegesha mlangoni.

"Shemeji, mimi si mtu mbaya," alisema, akitoa kiti mwenyewe na kukaa. "Leo jina lako likipita, nasubiri hela yangu, yaishe. Lisipopita, ng'ombe anapanda gari. Orodha inafungwa saa kumi."

"Na huyo kwenye gari mbona kaja na kisu?"

"Anamenyea chungwa."

Bwana Mifugo alifika saa tisa na robo, kwa pikipiki yake na petroli ya mfuko wake, maana posho ya safari nayo ilikuwa inakuja. Alikuwa kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala. Akatoa simu ya kazi, akaifuta kwa shati, akaingia bandani.

"Shikamoo mama. Ndama yuko wapi?"

Mama Ndoo akamwonyesha ng'ombe. Wiki nzima alikuwa amemlisha pumba za daraja la kwanza na kumsugua kwa sabuni, ili mkaguzi aone kwamba pesa ya serikali haitapotea. Mnyama alikuwa anang'aa kama bibi harusi.

"Mama," Bwana Mifugo akasema taratibu, "umemlisha nini?"

"Si mlisema tumlee?"

Kijana akatoa utepe wa kupimia uzito. Akauzungusha utepe kifuani mwa ng'ombe, akasoma, akaandika kilo mia tatu na arobaini. Simu ikafikiri. Kisha ikatoa maandishi mekundu: *Ndama hawezi kuzidi kilo mia na ishirini. Majaribio yaliyobaki: mawili.*

"Majaribio ya nini?" Shemeji akauliza, akisimama.

"Ukikosea mara tatu jina linafungwa. Mpaka mwaka ujao wa fedha."

Nje, mnunuzi akapiga honi fupi, ya adabu.

Bwana Mifugo akapangusa jasho. Akatazama mlangoni, akaandika kilo mia na ishirini kamili, akapiga picha ya ng'ombe, akabonyeza kabla mtu hajamkataza. Wote watatu wakaikodolea macho ile simu. Nyekundu tena: *Picha haionyeshi ndama. Majaribio yaliyobaki: moja.*

"Sasa ona!" Mama Ndoo akafoka. "Nani kakutuma kudanganya?"

"Nilikuwa nakusaidia, mama."

"Msaada wenu naujua. Una miaka miwili haujafika."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na nane. Shemeji akamsogelea Bwana Mifugo, sauti imeshuka kama ya mtu anayeuza simu ya wizi. "Ndama si huyu hapa? Mweusi vilevile. Kata hereni kwa mama yake, mvishe mtoto, piga picha, kazi kwisha."

Bwana Mifugo akalitazama koleo lake la hereni mkobani. Akalitazama muda mrefu mno.

"Hakatwi mtu sikio hapa," Mama Ndoo akasema, akijitia katikati. "Hereni ikitoka imekufa. Kituo cha maziwa wanapokea kwa namba hiyo. Kesho asubuhi maziwa yangu nampelekea nani, fundi cherehani?"

"Basi gari linaondoka," shemeji akasema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Mama Ndoo zaidi. Shemeji akaanza kufungua kamba kwenye nguzo.

Mama Ndoo akamtazama ng'ombe, akamtazama ndama, akaitazama simu.

"Hiyo simu yako," akasema, "inauliza huyu ndama ni wa nani?"

"Haiulizi. Inataka namba isomeke na ndama aonekane."

"Na uzito?"

"Wa ndama aliye pichani."

"Shemeji, acha kamba. Shika kichwa cha ng'ombe. Mkaze hapo hapo!"

Akaweka ndoo chini, akajipinda, akamkumbatia ndama kwa miguu yote minne, akamwinua hadi uso wake ukagusana na shavu la mama yake, chini kidogo ya ile hereni ya njano. Bwana Mifugo akampitishia ndama utepe kifuani upesi: kilo arobaini na moja. Ng'ombe akataka kumlamba mwanawe, ulimi ukaziba namba. Shemeji akavuta pembe. Ndama akageuza kichwa kutafuta titi.

"Piga!"

"Namba haisomeki!"

"Piga, mgongo unakatika!"

Mlio mdogo ukasikika. Kijana akaandika uzito, akakosea, akafuta, akaandika upya. Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana. Mtandao ukapotea. Akatoka mbio uani, akapanda juu ya pipa la maji, akanyoosha mkono juu. Fundi cherehani naye alikuwa amesimamisha mashine, anachungulia juu ya ukuta, pini mdomoni. Saa kumi kasoro dakika mbili.

"Kijani," Bwana Mifugo akasema kutoka juu ya pipa, kama mtu asiyeamini macho yake. "Limepita. *Malipo yatafanyika ndani ya siku tisini za kazi.*"

Shemeji akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaacha. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya mashahidi. Akaenda mlangoni, wakasikia akibishana na mnunuzi, kisha pikapu ikawaka na kuondoka tupu.

Bwana Mifugo akashuka. Akajiweka sawa, akakohoa, maana swali la mwisho lilitakiwa kusomwa kwa sauti.

"*Ndugu mfugaji, serikali yako inajivunia safari yetu ya pamoja. Tueleze kwa maneno yako mwenyewe: ruzuku hii imeyabadilishaje maisha yako?*"

Mama Ndoo alikuwa ameshachuchumaa, ndoo katikati ya magoti, anakamua.

"Sijaipata."

"Mama, haipokei neno moja. Inataka angalau matatu."

"Basi andika mara tatu."