Ndugu wa Baba Kwenye Njugu za Mama

Ukoo wetu haumgusi tumbili. Kwa Kihaya anaitwa nkende, na nkende ndiye muziro wetu, yaani mnyama tuliyekatazwa: hatumli, hatumpigi, na ukimkuta amekufa njiani unapita kimya kama mtu anayepita kwenye msiba. Muziro huo nimeurithi kwa baba. Mama alizaliwa ukoo mwingine, na ndoa haimbadilishii mwanamke muziro, kwa hiyo nyumbani kwetu Kishanda tumbili wana mtetezi mmoja na adui mmoja, na wote wawili wanalala kitanda kimoja.

"Ndugu zako wamekuja," mama husema kila akisikia matawi yanatikisika bondeni.

"Wasalimie," baba hujibu bila kuinua macho.

Kwenye kibanja, kati ya migomba na mibuni, hawakuwa shida kubwa. Shida ilikuwa rweya, ile nyika ya majani juu ya bonde, ambako wanawake wa kwetu hulima njugu mawe. Msimu uliopita tumbili waling'oa karibu shamba zima. Mama akabaki na mbegu kidogo sana ndani ya kibuyu, nyekundu zenye jicho jeupe, mbegu aliyopewa na mama yake alipoolewa. Pale kijijini hakuna mwingine aliyebaki nayo, na sokoni Muleba utapata zile za rangi ya maziwa tu.

"Hizi zikiliwa," aliniambia akikitikisa kibuyu, "mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili."

Mama si mtu wa maneno makubwa. Niliingia jikoni kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Jirani mmoja ana mbwa wa kuwinda, na alishajitolea kuwasaka tumbili. Kwa mila, mama alikuwa na haki ya kukubali, maana nkende si muziro wake. Lakini alimheshimu mzee wake. Siku ya kupanda, mvua za vuli zilipoanza, alimwambia baba mbele yangu, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, nakupa msimu huu. Zungumza na ndugu zako. Wasiposikia, naita mbwa."

Basi mimi, binti yao, kila Jumamosi nikawa nafunga duka langu Rwamishenye mapema na kwenda Kishanda na ushauri mpya niliousoma kwenye simu. Tulianza na sanamu. Tukaivalisha koti kuukuu la baba na kofia yake, mimi na mama tukaisimamisha katikati ya shamba. Niliporudi wiki iliyofuata, tumbili jike mwenye mtoto alikuwa amekaa begani mwake, anamenya mbegu aliyoifukua.

"Si umeona?" mama akasema. "Wamemtambua."

Nikaleta habari za pilipili. Unasaga pilipili kichaa, unachanganya na kinyesi cha ng'ombe, unakausha, kisha unachoma ili moshi uwafukuze bila kumdhuru yeyote. Ni njia nzuri sana kama upepo uko upande wako. Wa kwetu uligeuka. Mzee mmoja aliyekuwa anapita alitukuta wote watatu tumesimama kando ya moto, pembeni ya shamba, tunafuta machozi. Akavua kofia, akatupa pole, akauliza maziko ni lini.

Ndipo mama akasema jambo ambalo wanawake wote wa kule wanalijua ila hawapendi kulisema: tumbili anamwogopa mwanamume, mwanamke anamtazama tu. Baba akipita njiani wanapanda miti. Mama akiwapigia kelele wanaendelea kula. Asubuhi iliyofuata akavaa suruali ya baba, koti na kofia vya ile sanamu, akatwaa fimbo, akaenda. Dume kubwa likamwangalia kuanzia kofia mpaka miguu, likarudi kwenye njugu. Waliodanganyika ni akina mama waliokuwa wanakwenda mazoezi ya kwaya. Walimwamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu wakamtambua. Mpaka leo kwenye jumuiya wanamwita Mzee.

Ikabaki dawa moja, na wote tuliijua. Baba akalinde mwenyewe. Lakini njugu mawe ni mali ya wanawake. Mwanamume wa kwetu hatii mguu kwenye shamba la njugu; inasemekana akiingia, zinazaa maganda matupu. Na baba ni katekista, watu wanamtazama. Siku mama alipomwomba, aligeuzageuza chakula mpaka kikapoa. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia.

Asubuhi alitoka na kiti, redio na mwavuli.

"Shambani siingii," alisema. "Nitakaa pembeni, na nitazipa mgongo."

Akafanya hivyo. Msimu wote uliobaki alikaa kwenye ukingo wa rweya, uso bondeni, mgongo kwenye njugu. Waliopita wakimuuliza anafanya nini, alijibu kwamba anaangalia mandhari. Tumbili wakichungulia, anakohoa, wanarudi. Mafundisho ya komunyo ya kwanza akayahamishia hukohuko, na watoto walipoitikia kwa pamoja, bonde zima lilibaki bila nkende hata mmoja. Mbwa wa jirani waliendelea kulala.

Siku ya kuvuna nilikuwepo. Mama alishika shina la kwanza, akalivuta, akalikung'uta udongo. Njugu zilikuwa zimejaa. Alipasua ganda moja kwa meno, akaitoa nyekundu yenye jicho jeupe, akaiweka kiganjani na kuitazama kwa muda mrefu.

"Mzee," aliita. "Geuka."

"Nimesema nitazipa mgongo."

"Mwenye shamba ni mimi. Geuka uone."

Baba akageuka taratibu, pamoja na kiti chake. Amekula njugu mawe maisha yake yote, zimechemshwa, ziko kwenye sahani. Hakuwahi kuziona zikiwa na udongo. Mama akamletea lile shina mpaka pembeni, akamwekea mapajani.

"Mama yako alikuwa anazing'oa hivihivi?" baba aliuliza.

"Hivihivi."

Baba akavua kofia, akaishika mkononi, wala hakuivaa tena mpaka tulipomaliza. Tulipofunga mzigo, kibuyu kimejaa mbegu hadi shingoni, aliangalia upande wa bondeni na kusema kwamba tumesahau kung'oa mstari mmoja wa njugu.

"Sijausahau," mama alijibu, akijitwika kapu. "Waambie ndugu zako wasubiri kwanza niondoke."