Sekunde Nne za Doña Ofir

Mashine isiyo na mdomo ndiyo iliyonieleza kwamba mjukuu wangu anampenda mwanamke mwingine kuliko mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoielewa siku ile, na sikuona haja ya kuuliza.

Salomé ana miaka sita. Alizaliwa na hitilafu ya jeni iliyompokonya maneno machache aliyokuwa nayo, kisha ikampokonya nguvu za mikono. Macho tu ndiyo yanayomtii. Kwa hiyo, katika kituo cha tiba hapa mjini Palmira, humketisha mbele ya kioo cha kompyuta chenye kamera inayopima anatazama picha ipi, na kwa muda gani.

Waliweka picha mbili: yangu, na ya Doña Ofir, yaani Bi Ofir, mama wa baba yake.

Doña Ofir, sekunde nne. Mimi, moja.

"Usinune, mwalimu," Doña Ofir akaniambia mlangoni, hereni zake zikicheza. "Hajakupa sifuri."

"Sijanuna."

"Basi huo mdomo umeumwa na nyuki?"

Mimi ndiye ninayemwogesha mtoto, ninayemlisha, ninayemgeuza kitandani. Yeye humchukua Jumanne na Alhamisi tu, kwa mazoezi ya majini, wakarudi wananuka dawa ya bwawa, wamechoka kwa kucheka.

Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minane. Mwanafunzi akishindwa mtihani, najua la kufanya.

Kila asubuhi niliweka mezani picha zilezile mbili. Akimtazama Doña Ofir, pandebono, mkate wa jibini aupendao, ulibaki sahanini. Akinitazama mimi, alipata kipande.

Wiki tatu.

Siku ya kipimo kilichofuata nilimwambia Doña Ofir asije, eti wanaruhusu mtu mmoja. Ulikuwa uongo.

Mimi, sekunde nne na nusu.

Yuliana, mtaalamu wa tiba, alifurahi mno. "Mazoezi yetu ya kioo yamefaa, Doña Hersilia. Tutayaongeza. Yale ya majini tutayafuta ili tupate muda."

Ya majini. Ya Doña Ofir. Nakiri kwamba moyo wangu ulishangilia.

Kisha nikaitazama miguu ya Salomé. Bila maji ingekakamaa. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa.

"Usiandike," nikasema. "Nilimfundisha mtihani."

"Ulimfundishaje?"

Nikaeleza yote, hata habari ya mkate, nikangoja karipio.

Yuliana akaiweka kalamu chini. "Faili lake linasema hawezi kuelewa kwamba kwa kutazama picha atapata kitu. Nawe umemfundisha kwa wiki tatu?"

Akaweka picha nne kwenye kioo: maji, mkate, mimi, Doña Ofir. Akauliza polepole, "Salomé, unataka nini?"

Macho yaliupita mkate. Yakanipita mimi. Yakatua kwa Doña Ofir, yakatulia hapo hadi picha ikawaka, ishara kwamba ameichagua.

Nikatoka nje, nikapiga simu.

"Doña Ofir, njoo kituoni. Unaitwa."

"Na nani?"

"Na Salomé. Ameomba mwenyewe."

Kisha nikamsikia akilia, nami sikumwambia anyamaze, ingawa ilinichoma.

Ninyi mnaosoma haya, lishikeni hili: ukimfundisha mtoto kusema, usimchagulie jina la kutaja.