Alama za Chaki kwenye Difu

"Baba mdogo, sasa utajuaje ipi ya kulia na ipi ya kushoto?"

Nilikuwa na miaka tisa, nimechuchumaa uani mbele ya kofia mbili za chuma zilizofanana kama mapacha. Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Uzoefu," akasema.

Uzoefu! Baba mdogo ni fundi cherehani. Uzoefu wake wote wa magari ulikuwa kushona vitambaa vya viti.

Tuelewane: kwa suti hana mpinzani. Ila gari lake, alilolinunua kwa jasho la mkasi mwaka aliofungua duka, lilikuwa limeanza kulia nyuma, uuuuu, mtaa mzima unajua fundi anarudi. Fundi wa magari alisikiliza kidogo tu, akasema beringi za difu zimekwisha, lile bonge la gia la kule nyuma, alete gari gereji. Baba mdogo akaona amedharauliwa. Mtu anayefumua koti zima na kulirudisha, ashindwe na chuma?

Mkewe, mama mdogo, hakubishana. Alimpigia tu mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi saa nne asubuhi.

"Likiwa linatembea, litabaki. Likiwa juu ya mawe, linaondoka. Sisemi tena."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Baba mdogo, ambaye hulifuta gari hilo vumbi kabla hajanawa uso, akaingia uvunguni.

Alifungua difu kama anavyofumua koti, kila kipande akikitia alama kwa chaki ya kushonea. Zile kofia mbili hukaza beringi, kila moja upande wake. Ukizibadilisha, zinabana vibaya na beringi mpya zinakufa kabla hazijazoea kazi. Kwa hiyo kofia ya kulia ikapata msalaba, ya kushoto duara.

"Unaona?" akaniambia kwa madaha. "Mafundi wa magari wanagongagonga tu. Hawana utaratibu."

Kisha, kwa utaratibu huohuo, akazitupia kwenye beseni na vyuma vingine vyenye grisi, akaenda kumpima mteja kiuno.

Mama mdogo akapita, akaona beseni chafu, akalitendea kama beseni chafu. Mafuta ya taa, brashi, sabuni. Vyuma vikang'aa, na utaratibu wote ukateremka na maji mtaroni.

"Umefuta alama zangu!" Baba mdogo alipiga kelele aliporudi.

"Alama gani? Nani anaandika chuma kwa chaki?"

"Mimi!"

"Basi hongera."

Ndipo nilipouliza swali langu, nikapewa ule uzoefu.

Alhamisi nzima uzoefu ulikaa kwenye kigoda. Ukashika kofia hii, ukaiweka. Ukashika ile, ukaiweka. Chakula cha mchana kikapoa pembeni yake.

Ijumaa nilirudi kutoka shule nikakuta beringi mpya zinachemka kwenye mafuta ili zitanuke ziingie kwa urahisi. Zilikuwa ndani ya sufuria kubwa ya mama mdogo, ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuiegemea, na aliyeshika koleo ni mama mdogo mwenyewe. Nilidhani dunia imefika mwisho. Baba mdogo akafunga zile kofia pale pale, bila kusita, kama mtu aliyezizaa.

Jumamosi gari likazunguka mtaa mara mbili, kimya kabisa. Mnunuzi wa vyuma akaondoka na fremu ya kitanda kilichovunjika, ili asirudi mikono mitupu.

Kwa miaka saba kila mteja aliyeinua mikono apimwe kifua amesimuliwa habari za uzoefu. Hakuwa na pa kukimbilia.

Mwezi uliopita nilimkuta baba mdogo dukani peke yake, nikamuuliza tena: alijuaje? Akachungulia mlango wa nyuma, akashusha sauti.

"Sikujua kitu, mwanangu. Mama yako mdogo ndiye aliyejua. Wakati anasugua, kofia moja ilimkwaruza kidole, imemeguka pembeni, akaona ndiyo yenye msalaba. Alijua tangu Jumatano, akanyamaza siku mbili aone kama nitamwuliza. Ijumaa asubuhi nikamwuliza."