Mapanga Kumi na Mawili ya Shosho

Ijumaa ile nilifika kwenye uwanja wetu wa ndege wa Solai umande ukiwa bado kwenye nyasi. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Bondeni. Alisimama chini ya bawa la kushoto la ndege yetu, akilipima kwa tepu ya fundi cherehani. Nyuma yake palikuwa na pikapu, mtungi wa gesi wa kukatia chuma, na wanaume wanne wakinywa chai.

"Madam, niaje," alisema bila kuachilia tepu. "Hii bawa peke yake inatoa sufuria za harusi tatu, zile kubwa."

"Boss, mgonjwa hapimwi jeneza akiwa bado anapumua."

"Mimi sina haraka. Niliambiwa saa sita. Nangoja saa sita."

Alikuwa anasema kweli. Kampuni yetu ndogo ilikuwa inaacha kazi ya mizigo, na mwenye kampuni alikuwa ameipatia ndege njia mbili. Msafirishaji mmoja wa Lodwar angeichukua iendelee na kazi, mradi ifike huko kwa mabawa yake. Kibali cha kuruka kilikuwa kinaisha siku hiyohiyo ya Ijumaa, na rubani alishasema kwamba jua la Solai likipita utosini hataruka kutoka uwanja mfupi kama ule. Kwa hiyo mkataba ulikuwa rahisi hata mtoto angeuelewa: ikifika saa sita Shosho yuko hewani, ni wa Lodwar. Akiwa bado kwenye nyasi, ni wa Bondeni.

Shosho, yaani nyanya, ndilo jina tulilomwita, kwa sababu alikuwa na umri mkubwa kuliko sisi sote. Alikuwa na injini mbili za mapanga, yale yanayozunguka mbele ya mabawa, tumbo pana, gurudumu dogo mkiani na makubwa mawili mbele. Akiwa amesimama, pua yake ilitazama juu, na ukiingia kwa mlango wa nyuma ulipanda sakafu kama unapanda kilima cha Bahati.

Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo na kuiandika kwenye orodha. Karani aliyenitangulia aliniachia masanduku ya orodha za zamani, na kwa kuwa sipendi karatasi zilizovurugika, nilizipanga zote kwa mwaka. Ndivyo nilivyojua maisha yake. Karatasi za chini kabisa, zilizogeuka rangi ya chai, zilisema pareto, siagi na mbegu za viazi, enzi za mashamba makubwa ya masetla. Baadaye yakaja mahindi ya msaada wakati wa ukame kaskazini. Kisha vifaranga wa siku moja, ambao walipiga kelele mpaka injini zikasikika kama zinanong'ona. Palikuwa na kengele ya kanisa, mashine ya eksirei, na fahali mmoja aliyetoboa mbao za ukutani kwa teke. Alama ilikuwa bado ipo. Nilipoanza kazi mimi mwenyewe, nilimwona akitua Naivasha na mahema wakati maji ya ziwa yalipoingia nyumba za Kihoto.

Hakuna aliyempanda bila kupimwa kwenye mizani yangu, ileile ya magunia ya viazi. Askofu mmoja alivua viatu kwanza, kama anaingia kwa daktari.

Lakini aliyemjua Shosho kwa mikono alikuwa fundi wake. Babake alikuwa mtu wa reli, aliyetoka magharibi kuja kufanya kazi Nakuru, na yeye alianza kazi kwenye ndege hii nywele zikiwa nyeusi. Wenye ndege walibadilika mara tatu, yeye akabaki. Msafirishaji wa Lodwar alikuwa amesema anataka ndege na fundi wake pamoja. Ndege ikikatwa, mzee angerudi nyumbani Bahati kuchunga ng'ombe wawili ambao, kwa maneno yake mwenyewe, hawamtambui.

Nilimkuta amevaa ovaroli safi. Sanduku lake la vifaa lilikuwa tayari ndani ya ndege.

"Mama Karani," aliniita, "leo utanisaidia. Mimi nitahesabu kulia, wewe hesabu kushoto. Tukichelewa jua litatushinda."

Nilifurahi sana. Miaka yote nilikuwa nimemtazama akihesabu, na mara chache tu aliniacha nishike.

Nieleze hapa, kwa sababu mambo yote ya siku ile yalitoka kwenye jambo hili. Silinda za injini kama ile zimepangwa kwa duara, kama petali za alizeti. Ndege ikilala, mafuta ya injini hujichuja polepole na kukusanyika kwenye silinda za chini. Ukiiwasha hivyo, pistoni inagonga mafuta, na mafuta hayabanwi. Kitakachopinda ni chuma. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha unayazungusha mapanga kwa mkono, taratibu, ukiyahesabu kwa sauti mpaka kumi na mawili. Wakati wa kuhesabu hakuna salamu. Hata mwenye kampuni akifika, anangoja. Na panga likikaza katikati ya hesabu, unasimama palepale na kumwita fundi, naye anafungua plagi za chini na kuyatoa mafuta.

Nilianza. Moja. Mbili. Kila panga lilikuwa baridi, limelowa umande, na mlio wa ndani ulikuwa kama mtu mzito anayejigeuza kitandani. Upande wa pili nilimsikia mzee akihesabu kwa sauti yake ya kanisani. Nne. Tano. Sita.

Panga la saba likakaza.

Mimi nimekulia kwenye posho mili ya mama yangu, kinu cha kusagia unga, kule Bahati. Injini yetu ya dizeli ilipokuwa ikigoma asubuhi, kila mtoto wa nyumba ile alijua dawa: irudishe nyuma kidogo, kisha isukume mbele kwa nguvu. Ndivyo mikono yangu ilivyofanya. Sikuwaza. Nililirudisha panga nyuma, nikalisukuma, nalo likapita laini kabisa. Nane. Tisa. Nikafika kumi na mbili nikaita kwa fahari, mzee naye akaita kutoka kulia, akapanda ndani ya ndege.

Niliondoa ngazi, nikarudi nyuma hatua zangu ishirini kama inavyotakiwa. Rubani, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alitoa kidole dirishani. Injini ya kulia ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakamata. Nyasi zikalala. Wanaume wa Bondeni wakashika kofia zao. Nami nikajikuta nacheka peke yangu, mpaka nilipotazama mkono wangu wa kulia na kukumbuka ulichokuwa umefanya.

Rubani alitoa vidole viwili. Sasa kushoto.

Nilikimbia mpaka mbele ya pua nikainua mikono juu ya kichwa, nimeikunja kama msalaba. Nilipiga kelele pia, ingawa hakuna ambaye angenisikia. Kwa muda mfupi sana nilifikiri hajaniona. Kisha injini ya kulia ikazimwa, mapanga yakazunguka kivivu yakasimama, na ukimya ukawa mkubwa kuliko kelele.

Mzee alishuka. "Nini?"

"Nimelirudisha nyuma."

"Panga la ngapi?"

"La saba. Lilikaza, nikalirudisha, likapita."

Hakunigombeza. Alitazama jua kwanza, kisha injini. "Halikupita. Umeyasukuma mafuta kwenye bomba la kuingizia hewa. Tungewasha sasa, yangerudi ndani yote kwa mpigo mmoja, na konrodi, mkono unaoshika pistoni, ingepinda kama waya wa hanga." Alikunja mikono ya ovaroli. "Leta ngazi. Na kitu cha kukingia."

Kitu kilichokuwa karibu kilikuwa sufuria ya chai ya watu wa Bondeni. Mnunuzi wa vyuma alimwaga majani akaileta mwenyewe.

"Madam," aliniambia, "ungenyamaza tu. Saa hii ningekuwa nimeshaanza kukata."

"Na mimi ningelala vipi?"

"Kwa ubavu, kama wengine," alisema, lakini alipanda ngazi na kushikilia sufuria chini ya bomba bila kuombwa.

Mafuta yalitoka meusi na mazito, taratibu kama asali ya baridi, na hayakutaka kuharakishwa. Mzee alifungua plagi za chini moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Nilipangusa kila moja. Umande ulikauka. Vivuli vikafupika. Rubani alitembea mpaka mwisho wa uwanja, akarudi, akatazama soksi ya upepo, akatembea tena. Sufuria ilijaa nusu. Saa nne na nusu mzee alifunga plagi ya mwisho, akashuka ngazini na kunionyesha mapanga kwa kidevu.

"Hesabu."

"Mimi tena?"

"Nani mwingine anaijua injini hii vizuri leo?"

Nikahesabu. Hakuna aliyesema neno, hata mnunuzi wa vyuma, ambaye simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni asiishike. La sita. La saba lilikuja mkononi zito, likapita bila kinyongo. Nilipoita kumi na mbili sauti ilinitoka juu kuliko nilivyokusudia.

"Vizuri," alisema rubani. "Sasa kuna shida nyingine. Saa moja ningebeba kila kitu. Sasa kumepata joto, hewa imekuwa nyepesi, na uwanja haujarefuka. Nitolee kilo mia saba."

Hapo ndipo nilipopata nguvu, kwa maana hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na orodha mkononi, na sikuhitaji hata kuisoma. Mstari wa kwanza kabisa: injini ya akiba, kwenye fremu yake ya mbao, karibu na mlango. Nikiongeza matairi mawili, kilo zilikuwa zimetimia.

"Hiyo injini haishuki," alisema mzee. "Nimeitunza kama yai."

"Mzee, itafuata kwa lori Jumatatu. Nitaipakia mwenyewe."

"Afadhali nishuke mimi."

"Wewe ni kilo sitini na moja," nilimwambia. "Hutoshi."

Rubani alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee hakucheka. "Na mpaka Jumatatu nani ataiangalia?"

Tukajikuta sote tumemgeukia mnunuzi wa vyuma.

"Mimi?" Alijishika kifua. "Mzee, naapa sitaigusa hata kwa tepu."

Wanaume wanne waliokuja kukata ndege ndio waliotandika mbao mlangoni. Sakafu ya Shosho inateremka kuelekea nyuma, kwa hiyo injini ilitaka kushuka yenyewe kwa mbio. Ilibidi wawili wavute kamba kutoka ndani huku wawili wakiisindikiza kutoka nje, na mzee akiwaamrisha wote kwa ukali wa bibi harusi anayeshushiwa kabati. Ilipotua kwenye nyasi aliifunika kwa turubai, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga upya.

Saa tano na robo injini ya kulia iliwaka. Rubani alitoa vidole viwili. Panga la kushoto lilizunguka mara moja, mara ya pili, moshi ukatoka, na injini ikakamata kwa sauti ile nene inayosikika kifuani kabla ya masikioni. Ilikuwa sauti safi. Dirishani niliona kidole gumba cha mzee.

Shosho aliondoka polepole, kama mtu mzima anayeinuka kanisani. Kisha akaongeza. Mkia uliinuka kwanza, mwili ukalala sawa, na magurudumu ya mbele yakaendelea kupiga nyasi, yakipiga, yakipiga, huku ua wa seng'enge mwisho wa uwanja ukimsogelea. Nilikuwa nakimbia. Sijui nilianza kukimbia saa ngapi. Kando yangu mnunuzi wa vyuma naye alikuwa anakimbia, tepu ikimning'inia shingoni, akipiga kelele, "Nyanyuka, Shosho! Nyanyuka, mama!"

Nafasi ndogo ya mwanga ilitokea kati ya magurudumu na nyasi. Ikawa kubwa. Akavuka ua, akavuka mahindi ya jirani, akainamisha bawa moja kuelekea kaskazini, upande wa Bogoria, na jua likamulika lile bawa lililokuwa limepimwa asubuhi.

Tulisimama tukihema. "Kwani mimi," alisema mnunuzi wa vyuma, "nashangilia hasara yangu?"

Nilirudi kwenye meza yangu nikarekebisha orodha. Nilikata injini ya akiba, nikakata matairi, nikajumlisha upya. Mstari wa mwisho niliuacha kama ulivyokuwa: fundi, kilo sitini na moja. Ilikuwa mara ya kwanza jina la kazi yake kuandikwa kwenye orodha ya safari isiyo na kurudi. Nikaiweka ile karatasi juu ya nyingine zote, nikafunga sanduku.

Simu ililia saa saba, watu wa Bondeni wakiwa bado wanaisugua sufuria yao kwa mchanga.

"Tumetua," alisema mzee. Nyuma yake nilisikia upepo na watu wakipiga gumzo. "Shosho hajavuja hata tone la mafuta. Wananiuliza kesho asubuhi wanipe mtu wa aina gani anisaidie kuhesabu upande wa kushoto."

"Waambie yeyote tu, Mzee. Asiwe wa posho mili."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Hapana. Nimewaambia wanitafutie mtu anayesema akikosea. Kuhesabu nitamfundisha."