Jaketi Chini ya Mtarakwa

Sina sababu ya kukudanganya. Shule niliachia darasa la saba, hadithi za kutunga siziwezi, na kama jambo hili lingekuwa limenifaidi kwa njia yoyote ningekwambia. Halikunifaidi. Lilinitokea hapa Kabazi, kwenye shamba langu mwenyewe, Alhamisi jioni kabla giza halijakamilika, nikiwa sijaonja kileo. Ukitaka kucheka, cheka, lakini soma mpaka mwisho kwanza.

Kijana wangu Kamau alikufa mwezi wa pili. Homa ya mapafu, siku nne tu hospitalini. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa ameoa. Aliacha nyumba yake ndogo ya mabati nyuma ya yangu, na mbwa anayeitwa Bobi.

Shamba langu linapakana na msitu. Ukipanda mahindi huku, unapanda yako na ya tumbili. Sisi majirani watano hulinda kwa zamu, na kila nyumba inatoa mbwa. Hatuui wanyama, sheria haikubali. Kazi ya mbwa ni kuwakimbiza tumbili mpaka wapande mti, kisha akae chini ya ule mti, abweke, asiondoke mpaka sisi tufike na madebe yetu tuwapigie kelele. Tumbili aliyezuiliwa juu ya mti nusu saa kwa kelele za madebe hataki kuliona shamba hilo kwa wiki nzima. Lakini mbwa akiwapandisha halafu aende zake, wanashuka wakiwa na hasira, na hapo ndipo wanakula kweli.

Kamau alipokuwa hai, hakukuwa na mbwa wa mti kama Bobi. Alimfundisha mwenyewe. Alikuwa anaweka mkono juu ya kichwa chake na kumwambia, "Kaa hapa, usitoke mpaka nije." Kazi ikiisha anamgusa tena na kusema, "Haya, twende nyumbani." Bila maneno hayo ya mwisho Bobi hangeweza kusogea hata ukimrushia nyama.

Baada ya mazishi akaharibika. Alikuwa anawapandisha tumbili vizuri, anabweka mara tatu, nne, halafu anageuka na kukimbia. Jirani yangu Kariuki, ambaye ana mbwa watatu na maneno mengi, hakuniacha.

"Baba Kamau, huyu mbwa wako ana mkutano wapi? Kila akifika kwa mti anakumbuka wanamngoja."

"Labda ameingia chama," nikasema.

"Basi mwambie awe mweka hazina, kwa sababu hiyo kazi ya mti imemshinda."

Nilicheka pamoja naye. Ukifiwa, watu wengi wanakunyamazia, na anayekutania anakufanya ujione bado uko.

Lakini mimi nilijua mbwa alikuwa anakimbilia wapi. Alikuwa anaenda kwa mlango wa Kamau, anaukwaruza, anangoja, anaukwaruza tena. Mke wangu alikuwa akimsikia kutoka jikoni kila jioni. Siku moja aliweka sufuria chini na kuniambia bila kunitazama, "Ndugu yangu anayejenga Kiamunyi anataka mbwa wa kumlindia mjengo. Anakuja Jumamosi. Kama huyo hatakuwa amejifunza kukaa kwa mti, aende naye."

"Ni mbwa wa Kamau," nikasema.

"Najua ni wa nani. Mahindi yakiisha tutakula mbwa?"

Shida haikuwa mahindi. Sote wawili tulijua. Yeye hakuweza kuendelea kusikia ule mlango ukikwaruzwa, na mimi sikuweza kumpoteza mbwa aliyekuwa akigeuza masikio kila mtu akipiga mluzi barabarani, akidhani ni Kamau. Nilitaka Bobi abaki. Sikutaka kitu kingine chochote, niamini, na nilikuwa na siku tano.

Nikamuuliza Kariuki. Mara hii hakutania. "Mbwa halindi mti," akasema, "analinda mtu. Mwekee nguo yako chini ya mti, atakaa nayo mpaka urudi." Jumatatu asubuhi tumbili walipanda ule mtarakwa mkubwa ulio mpakani mwa shamba na msitu, na mimi nikaweka koti langu chini kwenye mizizi. Bobi akalinusa, akanitazama kama mtu aliyepewa chenji isiyotosha, akaenda zake.

Sasa nikwambie kosa langu, na silifichi.

Kwetu, mtu akishazikwa, shangazi zake huja na magunia kuchukua nguo zake zote. Zinagawiwa watu wa ukoo, na zile ambazo hakuna anayezitaka zinachomwa siku hiyohiyo. Nyumbani hakubaki hata soksi. Hawakuelezi sababu, wanasema tu kwamba marehemu aachiliwe. Walipokuja kwetu, mimi nilikuwa nimeshatoa jaketi moja, la bluu, lenye kofia. Kiwiko chake kimoja mama yake alikuwa amekitia kiraka cha kitambaa cha maua. Nililificha stoo chini ya magunia ya mbolea. Shangazi mkubwa aliuliza, "Ni hizi tu?" Mimi nikainamisha kichwa. Sikutamka uongo, lakini kule kuinamisha kichwa kulikuwa uongo. Kwa miezi mitatu nilikuwa naingia stoo peke yangu na kulinusa lile jaketi. Mke wangu hakujua.

Unaona nilichofanya.

Jumanne nililiweka jaketi chini ya mtarakwa. Bobi alilizunguka mara mbili, akalia kwa sauti ndogo, akalala juu yake. Nikaweka mkono pale, nusu juu ya kichwa cha mbwa, nusu juu ya nguo, nikasema maneno ya Kamau: "Kaa hapa. Usitoke mpaka nije." Akakaa. Tulipiga madebe nusu saa na hakuinuka. Kariuki akaniambia, "Sasa uko na mbwa, mzee. Usimpe mtu."

Jumatano akakaa tena. Mke wangu alisikia habari na hakutaja tena Kiamunyi, nikajua nimeshinda. Nilichoka kulibeba jaketi nikilificha ndani ya gunia, kwa hivyo Jumatano jioni nilimgusa Bobi kichwani, nikamwambia twende nyumbani, na jaketi nikaliacha palepale chini ya mti. Nilijiambia kesho si mbali.

Alhamisi mvua ilinyesha kutoka mchana, ile mvua nyembamba ya huku inayoshuka na ukungu. Kama saa kumi na mbili na nusu nikasikia Bobi akibweka mpakani. Zamu ilikuwa yangu. Nilivaa gambuti, nikachukua debe, nikaanza kupanda. Kufika nusu ya shamba, kubweka kukakatika.

Nilidhani ametoroka tena. Nikaongeza mwendo.

Bobi alikuwa pale pale. Alikuwa ameketi, kifua mbele, mkia unapigapiga matope, lakini hakutazama juu ya mti. Tumbili walikuwa juu, kumi hivi, wamekumbatiana kwenye tawi moja kama watoto waliofokewa. Maisha yangu yote nimefukuza tumbili na sijawahi kuona wakinyamaza. Jaketi halikuwa kwenye mizizi.

Lilikuwa limevaliwa. Mtu alisimama upande wa pili wa shina, akinipa mgongo, kofia imefunika kichwa, maji yanadondoka kutoka kwenye mikono. Nikaona kile kiraka cha maua.

Nilifikiri nini? Nilifikiri mwizi. Nani angefikiri kingine? Nikasema, "Boss, hiyo jaketi iko na mwenyewe. Ivue tu, sitakufanya kitu."

Hakugeuka. Akasema, "Ulisema nikae mpaka uje."

Ilikuwa sauti yake. Sitasema ilifanana na yake. Mzazi hakosei sauti ya mtoto wake. Debe lilinianguka na hata sikulisikia likianguka.

"Umekuja," akasema.

Kulikuwa na baridi, pumzi yangu ilitoka kama moshi, na ya Bobi pia. Pale chini ya kofia hakukutoka kitu. Niliangalia sana. Nilingoja nione hata kidogo.

Kisha Bobi akanigeuzia uso. Unajua mbwa anavyokutazama akingoja neno analolijua? Masikio yalisimama, mwili wote ulikuwa tayari. Na yule mwenye jaketi naye aliinua kichwa kidogo, akakiinamisha upande, anasikiliza. Hapo ndipo nilipoelewa. Wote wawili walikuwa wanangoja neno moja. Nikisema twende nyumbani, mbwa angekuja. Na yeye angekuja.

Chini kule niliona mwanga wa jikoni kwetu. Mke wangu alikuwa ameshawasha moto. Nikawaza nikiingia kwa ule mlango, na nyuma yangu anaingia huyu asiyepumua, anavuta kiti chake, anakaa. Nikawaza pia kwamba ni mtoto wangu, na mvua inamnyeshea. Mawazo yote mawili yalikuwa ya kweli. Usiniulize nilisimama pale muda gani.

Mwishowe nikasema, "Kamau, nimekosa mimi. Hukai tena. Nenda."

Hakusogea. Alikuwa kama mtu aliyetarajia kuambiwa jambo jingine. Halafu akauliza, polepole, "Na Bobi?"

Ningeweza kumkatalia. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima ili yule mbwa asitoke kwangu. Nikafungua mdomo nikiwa sijui utasema nini, nikasikia umesema, "Bobi ni wako."

Akapiga mluzi mmoja, mfupi. Akaingia msituni. Bobi aliinuka, akanipita karibu kiasi cha kunigusa mguu kwa ubavu, akamfuata. Alisimama mara moja tu ukingoni, akanitazama, nami nikatazama chini. Nilipoinua macho ukungu ulikuwa umefunga.

Tumbili wakashuka. Walipita mbele yangu ardhini, mmoja mmoja, kama kondoo, wakashika njia nyingine kabisa. Hakuna aliyetazama mahindi.

Ijumaa asubuhi nilimchukua Kariuki tukatafute. Matope yalikuwa yamehifadhi kila kitu. Alama za gambuti zangu zilionekana zikifika na kurudi. Nyayo za Bobi ziliingia msituni wazi kabisa, na kando yake hakukuwa na kitu. Tulizifuata mpaka mtoni, zikaingia majini, upande wa pili hazikutoka. Kariuki, mtu wa maneno mengi, alirudi nami kimya mpaka kwake. Mlangoni akasema tu, "Mzee, usiniambie." Sikumwambia. Jaketi halikuonekana, na mbwa hajaonekana mpaka leo.

Jumamosi shemeji alikuja kutoka Kiamunyi na kamba yake ya kumfungia mbwa. Nikamwambia mbwa ameondoka. Alipokwenda nilimketisha mke wangu nikamweleza yote, kutoka magunia ya mbolea mpaka mluzi. Nilikuwa nimejiandaa anifokee kwa ajili ya jaketi. Hata hakulitaja.

Aliuliza, "Alikuwa amelowa?"

Nikasema ndiyo. Mvua ilikuwa imenyesha kutoka mchana.

"Mtoto amelowa," akasema, "na nyumba hii hapa, na moto niliuwasha. Na wewe ukamwambia aende."

"Mama Kamau, hakuwa anapumua."

"Mimi nilikuuliza kama anapumua?"

Hatujaligusa jambo hilo tena. Ananipikia, ananifulia, Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Lakini tangu Jumamosi ile halali katika nyumba yangu. Amehamia ile ya mabati ya Kamau, na mlango haufungi kwa komeo. Wakati mwingine nikiamka naona taa inawaka kule, najua yuko macho anasikiliza. Mahindi mwaka huu hayajaguswa, nimevuna kuliko majirani wote, na gunia la kwanza bado limesimama stoo halijafunguliwa, kwa sababu hakuna kati yetu anayelitaka.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya, kama umefiwa hivi karibuni, pole, na nisikilize. Shangazi wakija na magunia, wafungulie kabati wewe mwenyewe. Wape kila kitu, hata kile unachokishika na mikono inakataa. Ukificha kitu kimoja, ipo siku utasimama mahali fulani uchague kati ya aliyekufa na aliye hai, na umchague yeyote yule, hutasamehewa.